Mbwa mchanga mwenye matatizo ya viungo: maswali ya kila mara kuhusu chakula chake

Wengi wanaouliza maswali haya wanafuga mbwa wa mbegu kubwa: German Shepherd, Rottweiler, Boerboel, Labrador na machotara wao, wenye umri wa kuanzia miezi miwili hadi mwaka mmoja na nusu. Majibu yanahusu chakula. Kumshika mbwa mguu, kuukunja na kumpiga picha ya eksirei ni kazi ya daktari wa mifugo.

Dokta, German Shepherd wangu ana miezi mitano na ameanza kuchechemea. Nimpe chakula gani?

Kabla ya chakula, mpeleke akaangaliwe. Kuchechemea ni dalili tu, na chanzo kinaweza kuwa mwiba kwenye wayo au nyonga iliyolegea. Kwa mbwa wachanga wa mbegu kubwa tunakutana zaidi na dispilasia ya nyonga, ambapo kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye tundu lake. Dispilasia ya kiwiko, inayosumbua miguu ya mbele. Na osteokondrosisi, yaani gegedu lililotakiwa kugeuka mfupa likabaki nene, na baadaye kupasuka, mara nyingi begani. Ipo pia panosteitisi, maumivu ya ndani ya mifupa mirefu yanayompata sana German Shepherd kati ya miezi 5 na 12. Hiyo inajulikana kwa kuhamahama: wiki hii mguu wa mbele kulia, wiki ijayo wa nyuma kushoto. Inauma kweli, lakini huisha yenyewe mbwa anavyokua.

Halafu kuna homa ya kupe. Huku kwetu hii itajwe mapema. Vimelea vya Ehrlichia, vinavyoletwa na kupe wa kahawia anayejificha kwenye nyufa za banda, vinaweza kusababisha viungo kuvimba na mbwa kutembea kama mzee. Akiwa na homa, fizi zimepauka, hataki kula, au anatokwa damu puani, anahitaji kipimo cha damu na dawa, haraka. Kuna watu huhangaika na mifuko ya chakula mwezi mzima, kumbe mbwa amejaa kupe masikioni.

Si ugonjwa wa kurithi huu? Chakula kinahusikaje?

Dispilasia ya nyonga hurithiwa, ndiyo. Ila mbwa aliyezaliwa na mwelekeo huo anaweza kuumia kidogo au sana, na hapo ndipo bakuli linapoingia. Utafiti unaotajwa zaidi ulifanyika Marekani kwa Labrador 48, wakiwa jozi za ndugu wa uzao mmoja. Katika kila jozi mmoja alilishwa robo pungufu ya mwenzake, chakula kilekile, tangu utotoni hadi kufa. Waliopunguziwa walikuwa na nyonga nzuri zaidi, ugonjwa wa viungo uliwachelewa, na umri wao wa wastani ulifika miaka 13.0 dhidi ya 11.2 ya wale walioshiba zaidi. Matokeo ya mwisho yalichapishwa mwaka 2002. Mbegu moja, chakula kimoja. Kilichotofautiana ni kiasi.

Kwa hiyo swali la "chakula gani" mara nyingi linapaswa kutanguliwa na "kiasi gani".

Mbwa mchanga si anatakiwa anenepe? Majirani wanasema simlishi.

Majirani watasema. Mtoto wa mbwa mviringo hupendwa na kila anayepita getini, lakini huo uzito unakaa juu ya viungo ambavyo bado ni gegedu. Mbwa wa mbegu kubwa mwenye tatizo la nyonga au kiwiko anatakiwa awe mwembamba na mwenye misuli.

Mpime kwa mikono. Weka viganja viwili ubavuni bila kukandamiza: mbavu zihisike moja moja chini ya ngozi. Ukilazimika kubonyeza ili uzipate, amezidi. Mtazame kutoka juu akiwa amesimama, kiuno kionekane nyuma ya mbavu. Ukimtazama ubavuni, tumbo liwe limepanda kuelekea mapajani. Mifupa ya nyonga na uti wa mgongo ikichomoza hadi unaiona kwa mbali, hapo amekonda kupita kiasi. Usidanganywe na manyoya ya German Shepherd, tumia vidole.

Mizani ya mbwa si lazima. Panda kwenye mizani ya bafuni ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Akishakuwa mzito wa kubebwa, kliniki nyingi zina mizani ya sakafuni. Andika uzito kila baada ya wiki mbili.

Nitajuaje kiasi cha kumpa kwa siku?

Kuna hesabu ya kuanzia, na kikokotoo cha simu kinatosha. Chukua uzito wake kwa kilo, uzidishe mara tatu wenyewe kwa wenyewe, halafu bonyeza kipeuo cha pili mara mbili. Jibu lizidishe kwa 70. Hizo ni kilokalori anazohitaji akiwa amelala tu. Mtoto wa chini ya miezi minne zidisha kwa 3, wa zaidi ya hapo zidisha kwa 2.

Mfano: mbwa wa miezi mitano mwenye kilo 18. 18 × 18 × 18 ni 5,832. Kipeuo cha kwanza 76.4, cha pili 8.74. Mara 70 ni kama 612, mara 2 ni kilokalori 1,224 kwa siku. Kama mfuko wako umeandikwa kilokalori 3,600 kwa kilo, hiyo ni gramu 340, ugawe katika milo mitatu. Akifika miezi sita, milo miwili inatosha.

Namba hiyo ni ya kuanzia. Baada ya wiki mbili mikono yako kwenye mbavu ndiyo itakayosema uongeze au upunguze. Pima kwa mizani ya jikoni angalau mara ya kwanza, uweke alama kwenye kikombe, kwa sababu "kikombe kimoja" cha dada wa kazi na cha baba mwenye nyumba huwa havilingani. Na vile vipande vya chapati anavyorushiwa mezani vinahesabiwa. Vitu vya pembeni vyote visizidi sehemu moja ya kumi ya kalori za siku.

Nimwongezee kalsiamu ili mifupa iwe imara?

Kama anakula chakula kamili cha watoto wa mbwa, hapana. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote, na hufanywa na watu wanaowapenda mbwa wao kwelikweli. Mbwa anachechemea, mwenye duka la dawa za mifugo anatoa kopo la DCP (unga wa kalsiamu na fosforasi wa kulishia mifugo) au chokaa ya kuku, na tatizo linakuzwa.

Sababu ni hii. Mbwa mkubwa kiumri akila kalsiamu nyingi, utumbo wake hupunguza kiasi unachopokea. Mtoto wa mbwa, hasa kabla ya miezi sita, hana uwezo huo vya kutosha. Kinachoingia bakulini sehemu kubwa kinaingia mwilini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, waliwalisha watoto wa Great Dane kalsiamu ya kupindukia miaka ya 1980, na mbwa hao wakapata osteokondrosisi na mifupa iliyopinda. Gegedu lilichelewa kugeuka mfupa.

Turudi kwa mbwa wetu wa kilo 18. Viwango vya Marekani vinataka chakula cha mbwa anayekua kiwe na angalau gramu 3 za kalsiamu kwa kila kilokalori 1,000, na kwa mbegu kubwa kisizidi gramu 4.5. Kwa kilokalori 1,224, hiyo ni kati ya gramu 3.7 na 5.5 kwa siku. Gramu 340 za chakula chenye kalsiamu asilimia 1.4 zinampa gramu 4.8 tayari. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha chokaa, kama gramu 5, chenye karibu gramu 1.9 za kalsiamu. Umefika 6.7. Kijiko kimoja kimemvusha mpaka.

Lakini mbwa wa rafiki yangu alikuwa na matege, akapewa kalsiamu akapona.

Inawezekana kabisa, na haipingani na hayo. Yule alikuwa anakula nini? Mara nyingi utasikia: ugali na nyama, au ugali na mapafu kutoka buchani. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna. Unga wa mahindi hauna kalsiamu ya maana. Mwili wa mtoto ukikosa kalsiamu huichota kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Mifupa inakuwa laini, miguu inapinda, mbwa analia ukimshika, na anaweza kuvunjika kwa kuruka kutoka kwenye kochi. Huyo alihitaji kalsiamu kweli. Mbwa wawili wanaochechemea vilevile wanaweza kuhitaji vitu vinavyopingana, ndiyo maana dawa ya jirani haiazimwi.

Protini nyingi inaharibu viungo?

Hapana. Imani hii ni ya zamani na bado inazunguka hadi kwa wafugaji wazoefu. Great Dane wachanga walishapewa viwango tofauti vya protini, huko huko Uholanzi, na mifupa yao haikuonyesha tofauti. Mbwa mwenye nyonga dhaifu anahitaji misuli ya kuishikilia nyonga hiyo, na misuli inajengwa kwa protini. Usimpunguzie nyama kwa hofu hiyo.

Nikinunua chakula cha mfuko, nisome nini?

Geuza mfuko nyuma. Picha ya mbwa anayeruka haina habari. Tafuta mambo haya:

- Kiwe cha watoto wa mbegu kubwa, yaani mbwa watakaofika kilo 32 au zaidi wakikomaa. Vingine huandikwa kuwa vinafaa umri wote. Hivyo vinakubalika pale tu vinapotaja kwamba ukuaji wa mbegu kubwa umezingatiwa.
- Kalsiamu isizidi asilimia 1.8 ya chakula kikavu. Namba ya mfukoni imejumuisha unyevu: kama imeandikwa 1.4 na unyevu ni asilimia 10, gawa 1.4 kwa 0.9, upate karibu 1.56. Kiko ndani.
- Uwiano wa kalsiamu na fosforasi uwe kati ya 1:1 na 2:1. Ninapendelea kilicho karibu na 1.3.
- Kilokalori kwa kilo. Kampuni isiyoandika namba hii inakufanya ulishe kwa kubahatisha.

Chakula cha kupima, kile kinachochotwa kwenye gunia lililo wazi dukani na kutiwa kwenye mfuko wa nailoni, hakina lebo, hujui ni cha umri gani, na mafuta yake yamekaa hewani kwa muda usiojulikana. Kwa mbwa aliyekomaa, mfugaji anaweza kuvumilia. Kwa mtoto mwenye viungo vibovu, nunua mfuko mdogo uliofungwa.

Chakula cha mfuko ni ghali. Ugali na dagaa haviwezi kumfaa?

Vinaweza kumfaa kuliko ugali na nyama, kwa sababu dagaa huliwa na mifupa yake, hivyo kalsiamu na fosforasi huja pamoja. Mbwa wengi sana wa Tanzania, Kenya na Uganda wamekuzwa kwa dagaa, omena au mukene, na miguu yao imenyooka. Shida ni kwamba hakuna anayejua ameweka kiasi gani cha kipi. Mwisho wa mwezi dagaa wanapungua na ugali unaongezeka, na mtoto anayekua kwa kasi ndiye anayelipa.

Kama utapika, zingatia. Dagaa waoshwe kwenye beseni mara kadhaa mpaka maji yasiache mchanga chini. Wasiwe wa chumvi. Tumia unga uliokobolewa au wa dona uliopikwa ukaiva vizuri, au wali, na uachane na pumba: pumba hujaza tumbo, na fitati zake, kemikali za asili za maganda ya nafaka, hushika madini kama zinki yasifyonzwe. Ongeza yai lililochemshwa, mboga kama karoti au boga, na ini kidogo mara moja au mbili kwa wiki. Ini la kila siku huleta vitamini A ya kupindukia, na hiyo nayo huharibu mifupa.

Mahindi yaliyoota ukungu usimpe hata kama "ni mbwa tu". Sumukuvu iliua watu 125 Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, na mbwa ni miongoni mwa wanyama ambao ini lao huathirika haraka.

Mapishi kamili ya mtoto wa mbegu kubwa yanahitaji kupigiwa hesabu na daktari anayejua lishe. Hospitali za wanyama za vyuo, kama SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, au ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Kabete kwa walio Nairobi, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Na kama fedha ni ya miezi michache tu, iweke mwanzoni. Chakula kamili kuanzia kuachishwa ziwa hadi miezi minane kina faida kubwa kuliko fedha hiyohiyo kutumika mbwa akiwa na miaka miwili, mifupa imeshafungwa.

Supu ya kongoro inasaidia viungo?

Inasaidia hamu ya kula. Ina jelatini, mbwa huipenda, na mbwa mgonjwa anayesusa chakula utamrudisha mezani kwa vijiko vichache. Ila kalsiamu yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na hakuna gegedu linalotoka kwenye sufuria likaenda kukaa kwenye nyonga. Chemsha ya kwake pembeni: supu ya watu ina vitunguu, na vitunguu, vya maji na saumu, huharibu damu ya mbwa. Ondoa mafuta yakishaganda juu. Mifupa iliyopikwa usimwachie. Inapasuka vipande vyenye ncha.

Mafuta ya samaki je?

Hapa kuna vitu viwili vinavyochanganywa. Mafuta ya mwili wa samaki yana omega-3 za EPA na DHA, ambazo hupunguza uvimbe kwenye viungo; katika virutubisho vyote hivi ndiyo yenye ushahidi mzuri. Mafuta ya ini la samaki, yale wanayopewa watoto, yana vitamini A na D nyingi. Mtoto wa mbwa anayekula chakula kamili akipewa kijiko cha hayo kila siku anaweza kuzidiwa vitamini D, na kalsiamu ikavurugika upya. Soma chupa.

Kiasi kipangwe na daktari kwa uzito wake; kikizidi, mbwa anaharisha, na kalori zake zinaingia kwenye hesabu ya siku. Vibua waliochemshwa na kutolewa miiba ni njia ya jikoni. Mafuta ya alizeti hayafanyi kazi hiyo.

Glukosamini na kondroitini, vile virutubisho vya viungo vinavyouzwa kwenye makopo?

Ushahidi ni dhaifu. Hayana madhara makubwa, na ukitaka kujaribu jaribu, lakini kama ni lazima uchague kati ya kopo hilo na picha ya eksirei, lipia picha.

Maziwa?

Hayahitaji. Akishaachishwa ziwa, maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi.

Anaumia usiku. Nimpe diklofenaki kidogo?

Hapana. Wala ibuprofeni, wala paracetamol kwa kukadiria. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuua figo kwa dozi ambayo kwa mtu si kitu. Zipo dawa za maumivu za mbwa, kama karprofeni na meloksikamu, na hizo pia zinaandikwa na daktari kwa uzito. Usiku wa leo mlaze juu ya godoro au mkeka mnene badala ya sakafu, mfungie asiruke, umpeleke asubuhi.

Nimwache afanye mazoezi au apumzike?

Inategemea daktari amepata nini, lakini kumfunga mnyororo mchana kutwa hakumsaidii yeyote. Utafiti wa Norway uliofuata watoto wa mbegu nne kubwa uliona kwamba waliopanda ngazi kila siku wakiwa na umri wa hadi miezi mitatu walikuwa na hatari zaidi ya dispilasia ya nyonga, na walioachiwa kutembea huru kwenye ardhi laini yenye mabonde madogo walikuwa na hatari ndogo. Uwanja wa nyasi au mchanga wa ufukweni asubuhi ni mzuri. Vigae vinavyoteleza sebuleni ni vibaya, tandika mkeka.

Nimhasi sasa?

Ukiweza, subiri. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliona German Shepherd waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja wakipata matatizo ya viungo zaidi. Na ukishamhasi, mahitaji yake ya chakula hushuka, kwa hiyo punguza bakuli kabla kiuno hakijapotea.

Lini nimhamishie chakula cha mbwa wakubwa?

Mbegu kubwa kati ya miezi 12 na 18. Majitu kama Great Dane na Boerboel wanaweza kukaa hadi miezi 18 au 24. Badilisha kwa wiki moja: siku mbili za kwanza robo mpya, kisha nusu, kisha robo tatu. Choo kikilainika, rudi hatua moja usubiri. Na siku ya kufungua mfuko mpya angalia tena kilokalori kwa kilo, kwa sababu kikombe ulichokitia alama kilikuwa cha chakula kile cha zamani.